Remmy Ongala na Super Matimila: tuanze kusikiliza wapi?

Makala haya yanatokana na kosa langu mwenyewe. Mwenzangu mmoja wa kalasi, ambaye sitamtaja, ana binamu yake Kanada anayemtumia muziki. Kwa njia hiyo akaizoea bendi moja ya Marekani inayoitwa Low, watu wa mji wa Duluth, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1994. Ni muziki wa polepole kupita kiasi: gitaa moja, besi, ngoma inayopigwa kama mtu anayebisha hodi usiku, na sauti mbili za mume na mke, Alan Sparhawk na Mimi Parker. Alinipa nisikilize, na alinielekeza vizuri: anza na hii, kisha hii, ile ya kelele iache mpaka uzoee. Nilifuata maelekezo yake na nikaupenda muziki ule, hata baada ya kujua kwamba mke yule alifariki mwaka 2022 na bendi ikaishia hapo.

Kisha akaniuliza: na sisi tunaosema Kiswahili, tuna nini cha namna hii, kitu ambacho mtu anakisikiliza peke yake usiku bila haraka? Nikamjibu palepale: Remmy Ongala. Nianze wapi? akauliza. Na mimi, kwa kutofikiri, nikamtumia wimbo mmoja tu, ule ambao kila mtu anaujua: «Kifo».

Hakunijibu siku tatu. Siku ya nne nikakumbuka. Yaya yake aliondoka asubuhi moja kwenda shambani upande wa Oicha na hakurudi. Tangu Oktoba 2014 kila familia ya Beni ina habari ya namna hiyo, yake au ya jirani, na labda ndiyo sababu tunazisahau za wengine. Mtu alikuwa ameniomba mlango wa kuingilia katika muziki wa msanii, nami nikampitisha kaburini.

Basi haya ni marekebisho. Ninayaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wenzetu wote wa kitivo ambao wamelisikia jina la Remmy redioni au kwa wazazi wao lakini hawajui waanzie wapi. Sitatoa orodha ya nyimbo bora. Nitasema tu njia ninayoiona mimi, na kwa nini.

Kwanza, mtu mwenyewe. Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 Kindu, kando ya mto. Leo tunasema Kindu ni Maniema, na wengine wanaposikia hivyo wanamweka mbali nasi. Lakini Maniema ilitengwa na Kivu mwaka 1988 tu, siku zilezile Kivu ya Kaskazini na ya Kusini zilipogawanywa. Kwa ramani ya mwaka aliozaliwa, Remmy ni mtoto wa Kivu. Inasimuliwa, naye mwenyewe alikuwa akisimulia, kwamba mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, na mganga akaagiza huyu asinyolewe nywele. Zile rasta alizokuja kujulikana nazo Dar es Salaam zilianzia hapo, si Jamaika. Baba alifariki mtoto akiwa mdogo, mama akafuata mwaka 1964. Kijana akabaki na muziki. Alipiga katika bendi ndogo ndogo za Mashariki, akapita Uganda, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam alikoitwa na mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi yake, Orchestra Makassy.

Wimbo wake wa kwanza aliotunga akiwa na Makassy unaitwa «Siku ya Kufa». Zingatieni jambo hilo. Kijana mgeni, katika mji asiokuwa na jamaa wengi, anapewa nafasi ya kutunga mbele ya watu wanaotaka kucheza dansi, naye anatunga juu ya kufiwa na rafiki. Baadaye Makassy walihamia Nairobi, Remmy akabaki Dar na kuingia katika bendi ya Matimila, jina lililotokana na kijiji cha Tanzania. Bendi hiyo aliiongoza mwenyewe, na jina likakua: Super Matimila.

Sasa tunafika kwenye ugumu wa swali lenyewe. Mtu akiniuliza nianze na albamu gani ya Low, swali lina jibu, kwa sababu bendi ile iliishi kwa albamu: kila baada ya miaka miwili mitatu, sahani moja, jina moja, picha moja juu. Bendi za Tanzania za wakati ule hazikuishi hivyo. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Aliyetaka santuri aliangalia Nairobi. Bendi ilikuwa inaingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, inarekodi nyimbo kadhaa, na kanda zinabaki redioni. Redio ndiyo iliyokuwa duka. Wimbo ulikuwa hewani, watu waliunasa kwa kaseti nyumbani, kaseti ikazaa kaseti, na bendi ilipata chakula chake kwa kupiga ukumbini usiku hadi usiku. Kwa hiyo albamu za Remmy zinazopatikana leo ni sehemu ndogo ya kazi yake, tena karibu zote zilitengenezwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Ulaya, baada ya mwaka 1988, bendi ilipoalikwa na tamasha la WOMAD la Uingereza.

Mimi nilimjua kwa njia ya zamani. Baba yangu mdogo alikuwa mfanyabiashara, mmoja wa wale watu wa Butembo ambao hawakai: Kasindi, Kampala, mara Dar. Alileta vitenge, betri, vyombo, na kila safari kaseti mbili tatu zisizo na picha, zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Moja ilikuwa na neno REMMI tu, kwa «i». Upande wa pili ulikuwa na mahubiri ya mtu fulani ambayo hayakufutika vizuri, hivyo katikati ya gitaa ulikuwa unasikia mtu akisema halleluya kwa mbali. Mpaka leo nikisikia wimbo ule katika rekodi safi naona kama kuna kitu kinakosekana.

Kaseti hiyo siwezi kuwapa. Kwa hiyo ninawaambia: anzeni na Songs for the Poor Man, ya mwaka 1989.

Najua mwalimu mmoja wetu atanipinga, kwa maana tulishabishana juu yake. Yeye anasema ile ni albamu ya Wazungu: jina la Kiingereza, imerekodiwa katika studio ya Real World ya Peter Gabriel huko Box, kijiji cha Uingereza, mbali na ukumbi, mbali na jasho. Yote ni kweli. Lakini ninaichagua kwa sababu hiyohiyo. Katika kanda za redio na za ukumbini sauti ya Remmy imezungukwa: ngoma, watu, mashine yenyewe inavyokoroma. Pale Box waliisogeza mbele. Sauti yake si nzuri kwa maana ya kwaya. Ni nene, ina mikwaruzo, mara nyingine ni kama anaongea tu na jirani juu ya ukuta. Nyuma yake magitaa yanasukana kama ukili: moja linashika mdundo, jingine linajibu, la solo linapita juu kwa nukta ndogo ndogo zinazorudiarudia. Hakuna anayekimbia. Kwa mtu anayejifunza kumsikiliza, hasa mwanafunzi wa lugha anayetaka kushika kila neno, hakuna mahali pengine panapotoa nafasi kama hii.

Ila tusidanganyane juu ya neno polepole. Huu ni muziki wa dansi. Ukiusikiliza ukitegemea ukimya wa wale watu wa Duluth utashangaa miguu inapoanza kutikisika. Upole wake uko mahali pengine, katika jinsi wimbo unavyogawanywa. Sisi tumelelewa na muziki wa Kinshasa, na masikio yetu yamefundishwa kungoja sebene. Maneno ni njia ya kufikia pale ambapo gitaa linafyatuka na kila mtu anainuka. Wimbo wa leo unafika huko hata kabla hujamaliza soda yako. Watanzania nao wana sehemu hiyo na wanaiita chemko, kutoka kuchemka, neno ambalo naliona zuri kuliko letu kwa sababu linakubali kwamba maji huchukua muda. Kwa Remmy maji yanachukua muda sana. Anasimulia, anarudi nyuma, anauliza swali, waitikiaji wanalirudia swali bila kulijibu, naye anaongeza habari nyingine. Dakika zinapita. Chemko linapofika umeshajua linachemkia nini.

Katika albamu hiyo anza na «Kipenda Roho». Ni wimbo wa mapenzi, na mtu anayeingia nyumba mpya apokewe kwanza na kitu cha furaha. Jina ni nusu ya methali; kila msemaji wa Kiswahili anaijua nusu ya pili, kwamba hula nyama mbichi, na Remmy anaiacha bila kuitia kwenye jina, kama mtu anayekuachia ufunguo mlangoni. Mke wake alikuwa Mwingereza, na ukilijua hilo wimbo unapata uzito mwingine, kwa sababu kupenda kwake kulikuwa na watu waliokunja nyuso pande zote mbili.

Kisha «Sauti ya Mnyonge». Hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa ndipo kazi yetu ya kitivo inapokutana na kazi yake. Waliotengeneza albamu waliitafsiri roho ya wimbo huu katika jina la sahani nzima: nyimbo za maskini. Tafsiri hiyo inapunguza. Maskini ni mtu asiye na mali. Mnyonge anaweza hata kuwa na mbuzi wawili na baiskeli, lakini hana nguvu ya kusikilizwa. Akisimama ofisini anaambiwa arudi kesho. Mtu aliyefukuzwa shambani kwake na silaha, ambaye nyumbani alikuwa na kahawa, vanila na nyumba ya bati, na leo amelala katika kalasi ya shule ya msingi mjini, sisi tungemwita nani? Maskini wa jana usiku? Ni mnyonge. Kiswahili chetu cha huku hakilitumii sana neno hilo, na nafikiri tunalihitaji.

Tena lina historia yake ndani ya lugha. Methali inasema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ni methali ya ajabu; inakubali kwamba mnyonge atanyongwa, inaomba tu kwamba hata hivyo apewe kilicho chake. Remmy ana wimbo mwingine unaoitwa «Mnyonge Hana Haki». Weka jina hilo kando ya methali utaona alichofanya. Wahenga walidai haki ipewe, yeye anatoa taarifa kwamba haikupewa. Ndivyo anavyotumia hazina ya Kiswahili mara nyingi: anachukua kitu ambacho wote wanakijua, anakigeuza kidogo tu, na kazi iliyobaki anakuachia wewe. «Ndumila Kuwili» ni hivyo pia, yule nyoka anayesemwa kuwa na kichwa kila upande, ambaye katika Kiswahili amekuwa jina la mnafiki. Aliuita muziki wake ubongo, akicheza na jina la utani la mji wa Dar, Bongo, mahali ambapo usipotumia akili huli. Muziki wa kutumia ubongo: kwa wanaodhani dansi na fikra haviendi pamoja, alikuwa amejibu katika jina.

Baada ya hizo mbili, «Muziki Asili Yake Wapi», kisha «Usingizi». «Nasikitika» ikusubiri mpaka siku ya pili au ya tatu. Na tafadhali, wimbo mmoja mmoja, mpaka mwisho wake. Najua unite zinavyokwisha na najua tulivyozoea kugusa kioo kila baada ya nusu dakika. Wimbo wa Remmy ukikatwa kabla ya chemko ni kama mtu aliyeondoka kilioni kabla ya kuambiwa marehemu alifariki vipi. Kitu kingine kidogo: tumieni visikilizio vya masikioni, hata vile vya bei ya chini vya sokoni. Spika ya simu inameza besi, na bila besi magitaa yanaonekana kama kuku wanaodonoa bati.

Albamu ya pili ninayopendekeza ilitoka kabla ya ile ya kwanza: Nalilia Mwana, mwaka 1988. Hii ndiyo iliyompeleka Ulaya, ikiwa imetokana na rekodi za nyumbani, Dar es Salaam, si za Box. Sauti yake ni ya kukwaruza na mtu aliyeanza nayo huenda asiendelee. Aliyekwisha mzoea Remmy, lakini, atasikia bendi inavyopumua mbele ya watu wake, haina mgeni wa kumfurahisha. Jina lake halihitaji maelezo kwa mtu aliyekulia kwetu, ambako mwanamke asiye na mtoto anaulizwa habari hiyo kila arusi na kila kilio.

Ya tatu, Mambo, ya mwaka 1992, tena kwa Real World. Wengi huanza nayo kwa sababu ndiyo inayong'aa kuliko zote, na baadhi ya nyimbo zake ni za Kiingereza. Mimi nasema ije ya tatu, kwa sababu hizohizo. Remmy wa Kiingereza ni kama mtu hodari wa kusuka aliyefungwa mkono mmoja: ujumbe unapita, lakini zile nusu za methali hazipo, na bila hizo anabaki kuwa mtu mwema anayesema mambo mema. Tusichanganye pia albamu hii na wimbo wa «Mambo kwa Soksi», ambao ni kitu kingine. Ule aliutunga juu ya ukimwi, soksi ikiwa ni kondomu, wakati ambapo neno lenyewe halikutajwa mbele ya wazee, na redio ya taifa ilikataa kuupiga. Watu waliujua hivyohivyo.

Lakini Mambo ina wimbo mmoja ambao ningependa kila mmoja wetu auone kwa macho kabla ya kuusikia. Juu ya jalada umeandikwa «Inchi Yetu».

Inchi, kwa «i» mbele. Mtanzania anaandika nchi. Sisi tunaandika inchi, Biblia ya bibi zetu imeandika inchi, na ni kosa ambalo limenipotezea alama katika kazi zaidi ya moja hapa kitivoni. Mwaka 1992, baada ya miaka kumi na minne Dar es Salaam, tayari akiwa msanii mkubwa wa mji ule, Remmy anaonekana mbele ya dunia na herufi ya Kongo. Sisemi kwamba alikaa akapanga. Majina ya nyimbo huandikwa na watu wengi, na haraka. Nasema tu kwamba herufi ile ipo, na kwamba mtu huyu, ambaye Watanzania walimfanya msemaji wa wanyonge wao, hakulelewa na Kiswahili cha pwani. Alilelewa na Kiswahili cha mto, Kingwana, hiki tunachoambiwa tukiache mlangoni tunapoingia kalasi. Alijifunza kile cha Dar, ndiyo, na alikiheshimu. Msikilizeni jinsi anavyotamka taratibu kama mtu anayekanyaga mawe ya kuvukia kijito. Ila hakuomba radhi kwa alikotoka. Profesa mmoja alituambia mwaka wa kwanza kwamba sisi wa Mashariki tuna Kiswahili cha kuongea lakini hatuna cha kuandika. Sikujua la kumjibu wakati ule. Leo ningemwonyesha jalada hilo.

Miaka yake ya mwisho naipita haraka. Aliugua kiharusi mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaingia kanisa, akaacha nyimbo za zamani na kuimba za injili. Kuna wanaozipenda, mimi nazisikiliza kwa heshima tu. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kule Sinza kuna kituo kinachoitwa kwa Remmy, na makondakta wa daladala wanalitaja jina la mtoto wa Kindu mchana kutwa, wengi wao wakiwa hawajui ni nani.

Imebaki «Kifo».

Baba yangu mdogo alifariki mwaka 2019, hapa Butembo, wakati wa Ebola. Hakufa kwa Ebola. Moyo wake ulikuwa na tatizo la siku nyingi. Lakini miezi ile kila maiti ilikuwa ni ya kushukiwa mpaka vipimo viseme vingine. Walikuja watu wamevaa mavazi meupe, nyuso hazionekani, wakamtia katika mfuko, wakampeleka. Tulisimama mbali. Hatukumwosha, hatukumgusa, na matanga hayakuwa matanga: watu wachache uani, kila mmoja na ndoo yake ya maji ya klorini, hakuna anayemshika mwenzake mkono. Mama zangu hawakujua mikono waiweke wapi. Sisemi wale watu walikosea. Walikuwa wanazuia vifo vingine, na wenzao kadhaa waliuawa kwa kazi hiyo. Nasema tu jinsi ilivyokuwa.

Usiku ule binamu yangu alitoa ile kaseti ya REMMI. Kicheza kaseti chenyewe kilikuwa kimekufa zamani, kwa hiyo tukautafuta wimbo kwenye simu, tukaiweka simu ndani ya bakuli ya bati ili sauti itoke zaidi. «Kifo» ni wimbo wa dansi, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Remmy anakilalamikia kifo kama mtu anavyomlalamikia jirani mwenye tabia mbaya, kwamba hakina huruma, na magitaa yanaendelea kucheza kana kwamba hayajasikia. Wimbo haukufariji. Haukuambii marehemu yuko mahali pazuri. Shangazi yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajatoa chozi wala neno, akainuka. Akaanza kucheza peke yake, hatua ndogo ndogo, mikono kifuani. Wengine wakainuka, kila mmoja mahali pake, mita mbili kutoka kwa mwenzake kama tulivyoagizwa. Ndivyo tulivyomlilia baba mdogo.

Ndiyo maana nilimtumia mwenzangu wimbo ule. Kwangu ulikuwa umefungua kitu, nikadhani utafungua kwake pia. Nilisahau kwamba sisi tulikuwa uani, tuko kumi na mmoja, na wimbo ule tulikuwa tunaujua tangu utoto, nyuma yake mtu anasema halleluya. Yeye alikuwa peke yake chumbani na simu, hajui hata mwimbaji ni nani, na yaya yake hana kaburi.

Kwa hiyo «Kifo» kiwe cha mwisho, ingawa kimo ndani ya albamu ileile ninayowaambia muanze nayo. Mkifika kwenye jina hilo, rukeni. Mtarudi siku mtakayotaka, na heri isiwe mkiwa peke yenu.

Tulipokutana tena nilimwomba msamaha. Alisema si neno, alikuwa ameusikiliza dakika mbili tu kisha akaizima simu. Nikamtumia albamu nzima, na maelekezo niliyoandika hapa juu, mafupi zaidi. Wiki iliyopita nilimwuliza amefika wapi. Bado yuko kwenye «Usingizi», anausikiliza kila usiku, hajasogea. Aliniuliza kama kuna ubaya. Nikamwambia hapana, akae hapo.